Kipimo Kisichotoka Kiwandani

Beringi za gololi zilizozaliwa na Morris Minor zina tabia moja inayowafurahisha mafundi wengi: hazimuulizi mtu maoni yake. Ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele zinakaa mbili, na katikati yao kuna bomba fupi la chuma. Unakaza nati kwa nguvu, unapitisha pini isirudi nyuma, unafuta mikono. Nguvu yako inaishia kwenye lile bomba, na gololi zinabaki na nafasi ziliyopangiwa kiwandani na mtu ambaye hamtaonana. Beringi za koni haziko hivyo. Zinafika zikiwa vipande viwili vinavyoachana mkononi, ringi ya nje mbali, koni na rola zake mbali, na hazina nafasi yoyote mpaka wewe uiweke. Kitabu kinakupa mipaka, tuseme kati ya 0.05 na 0.10 ya milimita, yaani unene wa unywele. Kuipata ni juu ya mkono wako.

Jambo hilo nalitazama kwa jicho la mtu aliyepita seminari ndogo kabla ya kupita karakana. Tangu darasa la maadili la padri mmoja Mfransisko, swali langu ni hili: ikiwa Mungu alitaka twende sawasawa, kwa nini hakutupa sheria iliyokwisha kukazwa? Amri ni kumi, ni fupi, hata mtoto anazielewa. Lakini kati ya amri na maisha ya mtu kuna nafasi, na hiyo hakuna aliyeipima kabla yetu. Wapo wanaosema nafasi hiyo ni udhaifu wetu, na mtakatifu ni yule aliyeifuta. Mimi naamini iliachwa kwa makusudi, na kwamba kuifuta kuna hatari kuliko kuizidisha. Ila kwanza gari.

Gari nililoletewa ni Morris Minor 1000 lenye usukani kulia, jambo ambalo huku Kongo humfanya kila askari wa barabarani alisimamishe hata kama hana la kuuliza. Lilitoka Zambia, enzi ambazo watu wa Kitwe na Ndola waliendesha magari ya Kiingereza kama sisi tulivyoendesha Peugeot na Volkswagen. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mtu wa kanisa, anayelipenda gari lake kuliko anavyokubali. Waingereza walitengeneza zaidi ya milioni 1.6 ya magari hayo kati ya 1948 na 1971, na sidhani kama kuna siku waliifikiria Dilolo, mji wetu huu wa mpakani. Barabara ya kutoka Kolwezi mpaka huku inapita Mutshatsha na Kasaji, zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa ni mchanga, ule mchanga wa Kalahari unaofunika magharibi ya jimbo letu la Lualaba. Gari linateleza, gurudumu linapigwa ubavuni, linatoka kwenye mfereji mmoja linaingia mwingine. Gololi huigusa njia yake kwa nukta. Rola huigusa kwa mstari mzima, na kwa kuwa imelazwa mshazari inabeba uzito unaotoka juu pamoja na pigo linalotoka ubavuni. Henry Timken wa St. Louis, aliyekuwa mtengenezaji wa magari ya kuvutwa na farasi, alipata hataza ya beringi ya namna hii mwaka 1898, na msukumo huo wa ubavuni ndio aliokuwa akiutafutia dawa.

Beringi za koni za mwalimu nilizinunua Kolwezi kwa muuza vipuri mmoja Mwislamu, ambaye nitamrudia, zikapanda treni mpaka kwetu hapa mpakani.

Ringi za nje ndizo huingia kwanza. Usizigonge kwa nyundo tupu; weka kipande cha shaba kati, na shaba Lualaba hatukosi. Gonga huku, gonga kule, kidogo kidogo, ringi isiende upande. Mwanzoni sauti ni nzito na butu. Ikifika chini kabisa sauti inageuka, inakuwa kali na ngumu, na hapo unaacha hata kama mkono bado unataka. Kisha grisi. Unaiweka kwenye kiganja cha kushoto, unashika koni kwa mkono wa kulia, unaisukuma upande wake mpana kwenye ukingo wa kiganja, tena na tena, mpaka grisi ichungulie upande wa pili kati ya rola. Anayeipaka juu juu kwa kidole amepaka uso tu.

Halafu nati. Hapa ndipo fundi mgeni hushindwa, kwa sababu anakaza gurudumu likiwa limesimama. Rola zilizosimama hulala ovyo, moja mbele moja nyuma, na nati inakudanganya kwamba imefika. Unapaswa kuzungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku unakaza kwa mwingine, rola zijipange na kukaa mahali pake. Ukisikia gurudumu limeanza kuwa zito, rudisha nati nyuma, kisha ilete tena kwa vidole mpaka iguse. Shika tairi juu na chini, vuta, sukuma. Inatakiwa icheze, lakini mchezo wenyewe uwe ule ambao asiyejua atasema haupo.

Wapo mafundi wanaolirudisha lile bomba la katikati, wakaongeza vibati vyembamba mpaka nafasi ipatikane, kisha wakakaza nati kwa nguvu kama zamani. Siwapingi, hata ekseli inakuwa imara zaidi. Lakini na wao wamepima. Wamekitoa kipimo kwenye nati wakakipeleka kwenye vibati.

Padri wetu alipita karakana siku nilipozifunga, nikamwonyesha kwamba ukirefusha mistari ya rola zote za beringi moja, na ya njia zake za ndani na nje, hukutana mahali pamoja kwenye mstari wa katikati ya ekseli, pengine mahali pasipo na chuma chochote. Ndiyo maana zinabingirika bila kuburuzana. Alifurahi sana, nikaona kabisa anaitafutia Jumapili. Nilimwomba asiihubiri. Kuna mambo ya kiufundi ambayo ni mazuri tu, na mahubiri huyaharibu.

Jambo ambalo ningependa alihubiri ni lingine. Beringi iliyolegea hupiga kelele. Usukani unatetemeka, tairi linajila upande mmoja, mke wa mwenye gari anauliza kitu gani kinagonga. Iliyokazwa kupita kiasi haisemi neno. Gurudumu limetulia, gari limenyooka, mwenye gari anakusifu kwa jirani zake. Wakati huo ndani grisi inapikwa, inakuwa nyeusi, rola zinaburuzwa badala ya kuzunguka, uso wa chuma unageuka bluu. Mwenye gari akija kujua, yuko porini baada ya Malonga na kitovu hakishikiki kwa mkono. Chuma kikipata joto hutanuka, na yule aliyeimaliza nafasi yote asubuhi, gurudumu likiwa baridi, hakuacha kitu kwa ajili ya mchana.

Nimeishi na watu wa namna hiyo. Nawajua wazee wa jumuiya ambao hawajakosa ibada, hawajagusa pombe, na watoto wao wamehama nyumbani mmoja mmoja bila ugomvi wowote kusikika. Mlevi wa mtaani tunamwona, tunamwonya, tunamwombea. Mkali hatumwoni, kwa sababu kutoka nje ukali na utakatifu vina sura moja. Ndiyo maana nasema kukaza kuna hatari kuliko kulegeza. Sisemi kulegeza ni kwema. Gurudumu lililolegea likiachwa litachomoka. Lakini limekupa taarifa.

Kanisa limeupitia ugomvi huu kwa muda mrefu, na historia yake ingewashangaza wengi wanaodhani Roma siku zote ilikuwa upande wa kukaza. Katika karne ya 17 waalimu wa maadili walifika mahali ambapo, ukitafuta vizuri, ungempata mwanateolojia mmoja wa kuruhusu karibu kila kitu, na ruhusa ya mmoja ilihesabiwa kuwa yatosha. Pascal aliwacheka Wajesuiti kwa sababu hiyo katika barua zake za 1656 na 1657. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI alizilaani hoja 65 za walegezaji hao. Lakini mwaka 1690, miaka kumi na moja tu baadaye, Papa Aleksanda VIII alilaani hoja ya upande wa pili, ile inayosema mtu hana ruhusa kufuata hata rai yenye nguvu kuliko zote maadamu bado ina chembe ya shaka, bali lazima achague kila mara lililo kali. Roma ilikataa nati iliyolegea, ikakataa na iliyokwama. Aliyekuja kutafuta mahali pa katikati ni Alfonsi wa Liguori, mwanasheria wa Napoli aliyeacha mahakama akawa padri. Alikaa miaka mingi akisikiliza maungamo ya watu maskini wa mashambani, na nina hakika alijifunza kwao mambo ambayo vitabu vya wenzake havikuwa nayo. Mwaka 1950 Kanisa lilimfanya msimamizi wa waungamishi.

Kabla ya hao wote Aristotle alikuwa ameiona hoja hii kwa mafundi. Katika kitabu cha tano cha maadili yake anataja rula ya risasi waliyotumia wajenzi wa kisiwa cha Lesbos, iliyojikunja kufuata umbo la jiwe badala ya kulilazimisha jiwe. Alikuwa anasema kwamba sheria huandikwa kwa ajili ya wengi, na haki kamili inamhitaji mtu wa kuilaza juu ya jambo lenyewe lilivyo.

Na huku kwetu? Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyeandika juu ya falsafa ya Wabantu mwaka 1945, alianza kazi ya Jamaa, kundi la kiroho la Wakatoliki, Kolwezi katika miaka ya 1950, kwenye kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière. Mume na mke waliingia pamoja, na mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili, juu ya uzima, uzazi na mapendo. Orodha ya makatazo haikuwa mlango wao. Mlango ulikuwa kukutana, mtu na mtu, hata padri na wanandoa. Baadaye vilizuka vikundi vilivyopotoka, na maaskofu wakaweka masharti. Walikuwa na sababu, kelele ilisikika mbali. Lakini nilipokuwa kijana niliwaona wazee wa Jamaa waliobaki kanisani baada ya masharti hayo, na walikuwa wamenyamaza kwa namna ambayo sasa, nikiwa fundi, nisingeiamini.

Haya yote yangebaki ya vitabuni kama mpwa wangu asingekuja. Kwetu Wachokwe mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno zito haliendi kwa baba, linakuja kwa mjomba. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya taifa, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondolewa mwaka 2003 kwa mpango ulioitwa wa hiari, wakapewa fedha kidogo kwa utumishi wa miaka mingi. Kijana anachimba Kolwezi. Shimo lao liko ndani ya eneo la kampuni. Usiku wanaingia, asubuhi wanatoka na magunia.

Alinikuta na kitovu cha mwalimu mezani. Akaninawisha mikono, kama inavyompasa, kisha akasema, "Mjomba, padri wa Kolwezi ametuambia ni wizi. Pasaka inakuja. Nikiri, au nisikiri?"

Tazama jinsi sheria ilivyo. Sheria ya madini ya 2002, iliyofanyiwa marekebisho 2018, inamruhusu mchimbaji mdogo kuchimba kwenye maeneo aliyotengewa tu, na akiwa na kadi. Maeneo hayo ni machache, na mengi hayana madini ambayo mtu atayafikia kwa sururu. Udongo mzuri umegawiwa kampuni. Kwa hiyo kijana wa Kolwezi amezaliwa juu ya shaba na kobalti, babu yake aliichimba kwa ajili ya Wabelgiji, baba yake kwa ajili ya taifa, na yeye akiigusa anaitwa mwizi. Upande wa pili, Juni 2019 udongo uliporomoka kwenye shimo la mgodi liitwalo KOV pale Kolwezi ukaua wachimbaji zaidi ya 40. Walikuwa wameingia mahali walipokatazwa, na lile katazo, pamoja na ubaya wake wote, lilikuwa linasema ukweli juu ya udongo ule.

Mkazaji anajibu upesi: usiibe, basi. Mlegezaji naye anajibu upesi: ardhi ni ya mababu, chukua. Wote wawili wameipima rola ikiwa imesimama. Tomaso wa Akwino, ambaye hakuna anayeweza kumwita mlegezaji, anasema katika Summa kwamba anayechukua cha mwingine kwa uhitaji uliokithiri na ulio wazi, pasipo njia nyingine ya kujiokoa, hakuiba, kwa kuwa vitu vya dunia viliwekwa kwanza kwa ajili ya watu wote. Na yule muuza vipuri wangu, nilipomsimulia, alinipa kanuni ya wanazuoni wao: dharura hulihalalisha lililokatazwa, ila dharura yenyewe hupimwa kwa kadiri yake. Aliisema huku akinihesabia chenji, kama mtu anayetaja saizi ya boliti. Nusu ya pili ya kanuni hiyo ndiyo ninayoipenda. Watu wengi huishia kwenye nusu ya kwanza.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba kwa chakula cha nyumba na ada za wadogo zake sioni wizi, na kama nakosea nitajibu mimi niliyemshauri. Lakini nikamwekea mipaka. Mtoto asiingie shimoni, hata kwa dakika moja, hata akiwa mwembamba wa kupita mahali ambapo wao hawapiti. Mvua zikianza, atoke, kwa kuwa uhai wake si mali yake peke yake. Nyaya za umeme za kampuni asiziguse, maana hizo hakuzaliwa juu yake. Na siku atakaponunua pikipiki ya pili asije tena kuniambia habari ya njaa.

Alicheka kwenye pikipiki. Kwenye mvua hakucheka. Alikaa kimya kidogo, akaniangalia nikirudisha nati nyuma kwa vidole, akasema, "Mjomba, wewe spana iko mkononi mwako. Mimi nati yangu imeshikwa na watu wengine. Mlinzi anataka chake tupite. Mwenye depo la kununua madini ndiye mwenye mizani, na mashine ya kusoma kiwango cha madini ni yake. Akisema gunia lina moja, lina moja. Nikitoka mvua zikianza, nani atamlipa deni lake?"

Hoja hiyo imekaa nami tangu siku ile, kwa kuwa inaipiga nadharia yangu ubavuni. Nimesema kwamba Mungu aliacha kipimo mkononi mwa mtu. Lakini fundi ana mkono ulio huru. Kijana mwenye deni kwenye depo hana nafasi ya kupima chochote; alipofika ilishachukuliwa, na waliokaza ni watu ambao kesho hawatakuwa ndani ya gari. Liguori aliwasikiliza maskini na akawahurumia, lakini hata yeye alikuwa anapima dhambi ya yule aliyepiga magoti mbele yake. Aliyeshika spana hakuja kuungama.

Kwa hiyo sasa naliona swali langu la seminari kwa sura nyingine. Ikiwa ile nafasi kati ya amri na maisha ni zawadi, basi kuna watu wanaoweza kumwibia mtu zawadi hiyo, na wizi huo ni mkubwa kuliko wa gunia la udongo. Anayempunguzia mchimbaji kilo kwenye mizani amemwibia fedha, na tena amemwibia uwezo wa kuchagua kutoka shimoni mvua zikianza. Sijui jina la dhambi hiyo kwenye orodha tuliyofundishwa. Mpwa wangu nilimwambia akiri yaliyo yake tu, na yasiyo yake asiyabebe.

Gari la mwalimu lilikwenda Kasaji na kurudi, nikainua gurudumu tena, kwa kuwa ringi mpya hukaa zaidi baada ya safari ya kwanza. Nilipunguza nafasi kidogo sana, tundu moja la pini. Mwalimu aliuliza kama ukaguzi huo una malipo yake. Nilimwambia umo ndani ya bei ya kwanza, ingawa alichouliza nadhani kilikuwa ombi la punguzo.

Padri naye alikuja kuangalia, nikamweleza hoja ya mpwa wangu. Nikamwomba aandikie wenzake wa Kolwezi: wakati ujao wakihubiri juu ya amri ya kutoiba, waanzie kwenye mizani ya depo kabla ya kufika shimoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema angefurahi zaidi kama ningekwenda kuyasema mwenyewe, kwa kuwa wenye depo hukaa benchi la mbele, na mabati ya paa la kanisa lile ni wao waliyalipia.